Walao Chungu Kimoja na Orodha ya Chifu

Karani wa sensa anapobisha hodi huuliza swali ambalo kwa mtu wa kawaida laonekana jepesi: ni watu wangapi walio katika kaya hii? Neno kaya, ambalo kwa Mmijikenda ni kijiji cha kale ndani ya msitu wa heshima, limepewa na wataalamu wa takwimu maana nyingine. Kwao kaya ni watu wanaoishi pamoja, wanaomtambua mmoja wao kuwa mkuu wao, na wanaopika na kula pamoja. Kwa lugha ya jikoni, hao ni walao chungu kimoja. Maana hiyo ni nzuri, tena ni ya haki. Ajabu ni kwamba msaada wa chakula unapofika Kibera au Kawangware, maana hiyo huwekwa kando na mahali pake huchukuliwa na nyingine isiyotangazwa popote: kaya ni mtu mmoja mwenye kitambulisho cha taifa na nambari ya simu.

Mwaka wa 2020 tuliliona jambo hilo waziwazi. Janga la korona lilipoingia nchini mwezi wa Machi, vibarua wa viwandani, akina mama wanaofua nguo katika nyumba za Lavington na Kileleshwa, na wachuuzi wa soko la Toi walipoteza riziki yao katika muda wa siku chache. Mnamo Aprili 10, siku ya Ijumaa Kuu, umati ulimiminika penye ugawaji wa chakula karibu na afisi za serikali huko Kibera. Polisi wakafyatua vitoza machozi, watu wakakanyagana na kujeruhiwa. Kabla mwezi huo haujaisha, serikali ilianzisha mpango wa kuzipelekea familia za mitaa ya mabanda shilingi 1,000 kwa juma kupitia simu. Wazo lenyewe lilikuwa la busara, maana pesa za simu hazina foleni wala rungu. Walioandika majina walikuwa machifu, wazee wa Nyumba Kumi na wahudumu wa afya wa kujitolea.

Shirika la Human Rights Watch lilichunguza mpango huo na kutoa ripoti yake Julai 2021. Lilipata kwamba jijini Nairobi ulizifikia kaya zipatazo 29,000, yaani asilimia 4.8 tu ya kaya za mitaa ya mabanda. Kwamba wakazi wengi hawakuelezwa ni nani aliyestahili na kwa nini. Na kwamba kulikuwa na maafisa walioandika jamaa na marafiki zao. Upendeleo huo umekwisha kusemwa sana, na wa kuusemea wapo. Shabaha yangu ni nyingine. Hata kama kila chifu angekuwa malaika na kila mzee wa Nyumba Kumi angekuwa mtawa, orodha ile ingekosea, kwa kuwa swali lililoulizwa mlangoni lilikuwa la makosa.

Walimu wa hisabati wanaweza kulifanya somo la dakika tano. Shilingi 1,000 kwa juma zikimfikia kijana mseja aliyekodi chumba huko Gatina, ni zake peke yake. Zikimfikia nyanya wa Lindi anayelea wajukuu wanane, nao ni tisa penye sinia, kila mmoja ana shilingi 111 kwa juma zima, yaani chini ya shilingi 16 kwa siku. Katika daftari la serikali, hao wote ni kaya moja na kaya moja. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba kaya ya wastani jijini Nairobi ina watu 2.9, ilhali ya nchi nzima ina watu 3.9. Jiji lina wapangaji wengi wa peke yao, na nyuma ya wastani huo mdogo wamejificha wale wenye sufuria kubwa. Kosa hili halikuanza na korona, wala halikwisha nayo. Shilingi 2,000 za mwezi ambazo mpango wa Inua Jamii humpa mzee aliyetimiza miaka 70 ni zilezile, awe anakula peke yake au awe amezungukwa na yatima. (Tusisahau kwamba hata idadi ya wakazi wa Kibera yenyewe ilibishaniwa kwa miaka mingi: watu walikuwa wakitaja milioni moja, mpaka sensa ya 2009 ilipokuja na 170,070.)

Kuhesabu vinywa, hata hivyo, ndiyo sehemu nyepesi. Sehemu ngumu ni kuamua ni vinywa vya nani. Natuchukue, kwa mfano, chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi huko Kisumu Ndogo. Mna mama na watoto watatu. Mna mtoto wa shemeji yake aliyeletwa kutoka Siaya ili asome. Kuna binti wa dada yake, ambaye kwa uhaba wa nafasi hulala kwa jirani, lakini asubuhi na jioni hula hapa. Kuna baba, ambaye ni fundi wa mjengo huko Athi River na hurudi baada ya majuma mawili. Ukihesabu waliolala, binti ametoka na baba ametoka. Ukihesabu waliozaliwa na mama huyu, mtoto wa Siaya ametoka. Ukihesabu kitambulisho na laini ya simu iliyosajiliwa, huenda aliyebaki ni baba peke yake, na pesa za unga zitamkuta huko huko Athi River, ambako naye ana njaa yake na madeni yake. Jibu moja tu ndilo linalowakusanya walio na haki ya kula hapa, nalo ni chungu.

Hali hugeuka upande wa pili pia. Mume mwenye mke mkubwa Makina na mke mdogo Kawangware ana vyungu viwili, lakini kitambulisho ni kimoja. Orodha inayofuata kitambulisho itaona kaya moja, na mmoja wa wake hao atalazimika kumpigia mwenzake magoti, jambo ambalo hata mshairi wa mipasho asingelitaka kulisimulia.

Kitambulisho chenyewe hakimfikii kila mtu. Hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18. Katika orodha za wanaostahili msaada, aghalabu hutajwa kaya zinazoongozwa na watoto, yatima wanaoleana. Hao ndio wa kwanza kutajwa na ndio wasioweza kusajiliwa, maadamu aliye mkuu wa chungu chao ana miaka 15. Kisha kuna Wanubi, ambao babu zao, askari wa jeshi la King's African Rifles waliotoka Sudani, walipewa makao Kibera mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakati sehemu hiyo ilipokuwa msitu. Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi alipoomba kitambulisho alipelekwa mbele ya jopo la upekuzi na kutakiwa athibitishe uraia wa wazee wake. Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila hakika ya uraia. Kijana aliyekaa miaka mitatu akingoja jopo limwite alikaa miaka hiyo mitatu nje ya kila orodha iliyotaka nambari ya kitambulisho, ingawa nyumba yake ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia mtaani.

Huko Kawangware swali huwa kali zaidi. Mtaa huo kwa muda mrefu umekuwa makao ya Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda waliokimbia vita, ambao hushona nguo, husuka nywele na kuuza vitenge bega kwa bega na wenyeji. Chakula cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani hutolewa Dadaab na Kakuma, kambini. Mkimbizi wa mjini huchukuliwa kuwa mtu aliyechagua kujitegemea, hivyo akiomba unga huonekana kana kwamba amejikanusha mwenyewe. Desemba 2012 serikali iliamuru wakimbizi wote wa mijini warudi kambini. Shirika la Kituo cha Sheria likaenda mahakamani, na Julai 26, 2013 Mahakama Kuu ikaitengua amri hiyo. Mwaka uliofuata amri ikarudi kwa sura nyingine. Wala kambini si kwema sasa: tangu Agosti 2025, kwa upungufu wa fedha, shirika hilo limezigawa kaya za Kakuma katika makundi manne kulingana na uhitaji, na kundi la mwisho halipewi chakula. Anayefukuzwa na njaa kambini huja mjini, ambako hana posho yoyote.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa nyumba iliyochanganyika. Mama ni mkimbizi kutoka Bukavu. Alizaa na Mkenya, ambaye amekwenda zake. Watoto ni raia, kwa kuwa kifungu cha 14 cha Katiba humpa uraia wa kuzaliwa kila mtoto ambaye baba au mama yake ni raia. Njaa ni ya watoto raia, lakini mtu mzima pekee aliye nyumbani hana kitambulisho cha taifa. Orodha ya chifu ikipita, mama haandikwi kwa kuwa ni mgeni, na watoto hawaandikwi kwa kuwa ni watoto.

Yako mataifa ambayo yamelitafakari jambo hili kwa undani kuliko sisi, hata kama hayakutenda haki sikuzote. Sheria ya msaada wa chakula nchini Marekani huwahesabu kuwa kaya wale wanaoishi pamoja, wakinunua na kupika chakula pamoja. Kisha humwangalia kila aliyemo mmoja mmoja. Mzazi asiyestahili kwa sababu ya uhamiaji aweza kuwaombea wanawe walio raia. Yeye haandikiwi fungu, ila pato lake huhesabiwa, angalau kwa sehemu. Sheria ya Agosti 1996 iliwafungia mlango wahamiaji wengi walioingia kihalali. Mwaka wa 2002 watoto wahamiaji walio na makazi halali wakafunguliwa. Julai 2025 sheria nyingine ikawaondoa hata wakimbizi. Sisemi tuige nia ya kuwatenga watu. Nasema kwamba huko angalau mtoto hafutwi kwa sababu ya karatasi za mama yake.

Nitaulizwa: je, hazina yetu ndogo itamlisha nani kwanza kama si mwananchi? Swali hilo ni la haki, na anayelipuuza hajawahi kupanga bajeti. Lakini yafaa tuisome Katiba ya 2010 kwa makini kama tunavyowafunza wanafunzi kusoma ufahamu. Panapohusu kura, kifungu cha 38, imeandikwa kila raia. Panapohusu njaa, kifungu cha 43, imeandikwa kila mtu. Panapohusu lishe ya msingi, kifungu cha 53, imeandikwa kila mtoto. Walioiandika walizijua tofauti za maneno hayo. Na hata tukiacha sheria, hakuna mama atakayepakua ugali kwa kufuata uraia. Ukimpa fungu la wawili naye ana watano, watano watakula fungu la wawili.

Basi kwanza mlaji atenganishwe na mpokeaji. Karani aandike wanaokula, majina na umri, wawe na karatasi au wasiwe nazo. Kisha kaya yenyewe itaje nani apokee pesa, awe jirani, awe mwalimu, awe kiongozi wa kanisa au msikiti. Fungu lifuate idadi ya walaji. Orodha ibandikwe ukutani kwa chifu na isomwe barazani, na aliyeachwa apewe pa kulalamikia pasipokuwa kwa yule yule aliyemwacha. Kuna watakaoazima watoto ili kuongeza idadi. Hilo halifichiki katika ploti ambamo vyumba kumi na viwili hutumia bomba moja na choo kimoja. Ninachokihofia zaidi ni kinyume chake. Baraza lile lile linalomjua jirani laweza kumkana, na mama wa Bukavu hana ukoo wa kumpigia kelele. Ndiyo maana sipendekezi baraza liwe na neno la mwisho.

Upo mpango mmoja jijini ambao umelikwepa tatizo hili bila makeke. Tangu mwaka wa 2023, katika mpango wa Dishi na County, mzazi hulipa shilingi 5 na mtoto wa shule ya umma hupata chakula cha mchana. Hesabu hufuata mtoto, na kaya haichunguzwi. Kasoro yake ni ua la shule. Watoto wengi wa Kibera na Kawangware husoma katika shule zisizo za umma, zile za mabati zilizoanzishwa na makanisa, na vikundi vya mtaa, na walimu wasiokuwa na mwajiri, na chakula cha kaunti hakivuki ua kuwafikia. Hata hivyo walimu wa shule hizo huita majina kila asubuhi. Katika daftari lao la mahudhurio wamo mtoto wa Siaya, binti anayelala kwa jirani, mjukuu wa nyanya wa Lindi na watoto wa mama wa Bukavu, kila mmoja kwa jina lake. Afisi za kaunti zingefaa kuyaomba madaftari hayo kwa ajili ya chakula, maana mengine yako mwendo wa dakika chache kutoka lango la shule ya umma ambako sufuria hufika kila siku ya masomo.