HOMA INAYOTOKA NDANI YA CHUPA YA DAWA



Hapa Bujumbura, na kule kwenye mashamba ya chai na ya miwa, homa si mgeni kwetu. Mwenzetu akishikwa na malaria kali hupelekwa kituo cha afya, hutundikiwa serumu, hupigwa sindano. Lakini iko homa nyingine isiyoletwa na mbu. Hiyo hutoka ndani ya dawa yenyewe. Serumu inaanza kuingia, na baada ya muda mfupi mgonjwa anatetemeka kwa baridi na joto lake linapanda. Sisi husema, malaria imezidi. Pengine ni kweli. Pengine ni uchafu uliotoka kiwandani.

Uchafu huo ni mabaki ya bakteria. Wengi wetu hudhani kwamba maji yakichemshwa, mambo yamekwisha. Sivyo. Moto wa kuchemsha huua kijidudu, lakini sumu iliyo katika ganda lake hubaki. Ili kuiharibu ndani ya chupa tupu za kioo, viwanda hutumia joto kavu la digrii 250 kwa nusu saa. Maji ya dawa hayawezi kupitishwa katika moto huo. Kwa hiyo lazima dawa ipimwe kabla ya kutoka kiwandani.

Mwaka 1923 mtaalamu mmoja wa Marekani, mama Florence Seibert, alionyesha kwamba homa za sindano zilitokana na bakteria walioingia katika maji ya kutengenezea dawa. Tangu mwaka 1942 kitabu cha kanuni za dawa cha Marekani kiliagiza kipimo cha sungura. Sungura watatu hufungwa, hudungwa dawa katika mshipa wa sikio, kisha hupimwa joto kwa saa tatu. Joto likipanda, dawa hiyo haikubaliwi. Baadaye, mwaka 1977, Marekani ilikubali kipimo cha damu ya kaa mmoja wa baharini, ambayo huganda ikikutana na sumu ya bakteria. Kipimo hicho ni kizuri, ila kinalenga aina moja tu ya sumu.

Sungura wameokoa watu wengi, wala hatuwadharau. Lakini sungura si mtu. Lililo baya kwake huenda lisiwe baya kwetu, na lililo baya kwetu huenda yeye asilisikie.

Mwaka 1995 wataalamu wa Konstanz, Ujerumani, Thomas Hartung na Albrecht Wendel, walieleza njia nyingine: kutumia damu ya binadamu. Ndani ya damu yetu mna chembe nyeupe ziitwazo monosaiti. Hizo ndizo walinzi wa lango. Zikiona mabaki ya bakteria hutoa ishara, na ishara hiyo ikifika kwenye ubongo, mwili hupandisha joto. Basi katika maabara chembe hizo huchanganywa na dawa ndani ya kichupa, huwekwa katika joto la mwili, kisha ishara hupimwa. Homa inaonekana kichupani kabla haijampata mgonjwa, wala hakuna mnyama aliyefungwa. Maabara nyingine hutumia chembe zinazokuzwa humo humo.

Kitabu cha kanuni za dawa cha Ulaya kilikiingiza kipimo hiki mwaka 2010. Tarehe 1 Januari 2026 kipimo cha sungura kilifutwa kabisa katika kitabu hicho.

Ndugu, yatuhusu nini sisi? Yatuhusu, kwa sababu dawa isiyopimwa hupimwa mwilini mwa mgonjwa. Hapo sungura ni wewe, ni mkeo, ni mtoto wako.

Kwa hiyo wajumbe wa sendika, waajiri wanaponunua dawa za zahanati za kazini, waulizeni: zimetoka wapi, na cheti cha vipimo kiko wapi? Dawa isiyoandikishwa na ABREMA tusiikubali. Na wewe mgonjwa, ukianza kutetemeka serumu ikiwa mkononi, usinyamaze. Mwite muuguzi mara moja aifunge, na chupa isitupwe, namba yake iandikwe. Chupa iliyopasuka, au yenye maji ya ukungu, ikataliwe.

Wenye kuchunga mitambo ya serumu nao ni wafanyakazi kama sisi. Usafi wa mikono yao ni uhai wetu. Mfanyakazi asifanywe sungura.