Dhamana ya Wengi Mikononi mwa Wachache

Mtu apelekapo fedha au barua kwa njia ya intaneti, maneno yake hufungwa kwa hesabu za siri kabla hayajaondoka, ili njiani asiyasome mtu ila yule aliyekusudiwa. Hesabu hizo ni ngumu, na kosa dogo ndani yake laweza kuiangamiza siri yote; kwa hiyo watengenezaji wa programu, badala ya kila mmoja kuzitunga upya, aghalabu huchukua maktaba iliyokwisha tungwa na mabingwa, wakaiunga na kazi zao. Mashuhuri miongoni mwa maktaba hizo ni OpenSSL, iliyoanzishwa mwaka 1998 juu ya msingi uliowekwa na Eric Young na Tim Hudson, ambayo msimbo wake u wazi kwa kila atakaye kuusoma, kuutumia na kuusahihisha bila malipo.

Faida ya ushirika huu ni kubwa, na hatari yake hulingana na faida yake. Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa habari ya hitilafu iliyoitwa Heartbleed, waliyoigundua, kila upande peke yake, Neel Mehta wa Google na wataalamu wa kampuni ya Codenomicon ya Finland. Kompyuta mbili zinazowasiliana kwa siri hupimana ili kila moja ijue kama nyingine ingali ipo: moja hupeleka neno na kutaja urefu wake, na ya pili hulirudisha vilevile. OpenSSL, tangu toleo la 1.0.1 la Machi 2012, iliusadiki urefu uliotajwa pasipo kuulinganisha na neno lililofika. Basi mhalifu aliweza kupeleka herufi moja akadai kwamba ni maelfu, na seva ikamjazia upungufu kwa chochote kilichokuwa jirani katika kumbukumbu yake, hadi kilobaiti 64 kwa ombi moja: nywila, majina, hata ufunguo wa siri wa seva yenyewe. Nchini Kanada, idara ya kodi ilitangaza kwamba namba za utambulisho za watu wapatao 900 zimeibwa.

Dawa ilikuwa mistari michache ya kuupima urefu ule, nayo ilitolewa siku ileile. Lakini kila mwenye seva ilimpasa aiweke mwenyewe, kisha abadili funguo na vyeti vyake, na programu zilizobeba nakala ya maktaba ndani yao zilihitaji kujengwa upya.

Lililohuzunisha zaidi ni kwamba kazi iliyotegemewa na mamilioni ilitunzwa na watu wachache mno, mmoja tu kati yao akiifanya kwa muda wake wote, na michango ya hisani ilikuwa kiasi cha dola 2,000 kwa mwaka. Mwezi huohuo Linux Foundation ilianzisha mfuko, na makampuni makubwa yakakubali kuuchangia. Kosa lilikuwa limekaa wazi miaka miwili, maana ruhusa ya kusoma haimlazimishi mtu kusoma. Kwa hiyo kila anayejenga juu ya kazi ya wote ana faradhi tatu: kujua ni maktaba zipi programu yake inazitegemea, kuzisasisha bila kukawia, na kuwalipa wanaozilinda.