SOMO LA REDIO: MLANGO MMOJA, BAWABU MMOJA

Fungueni kurasa zenu, na asomaye vizuri akae karibu na mwenzake anayeanza.

Leo tunajibu barua ya ndugu yetu anayekaa Leicester, nchini Uingereza. Anaandika kwamba alijinyima, akanunua ruta mpya. Akaiunganisha na sanduku alilopewa na kampuni inayomwuzia intaneti. Tangu siku ile, akimpigia mama yake aliyeko Mombasa kwa simu ya intaneti, mama humsikia, lakini yeye hamsikii mama. Anauliza, "Je, nimenunua kitu kibovu?"

Inaelekea ruta yako ni nzima, ndugu. Sikiliza sababu.

Mtaani kwako liko kabati la kijani la kampuni ya simu. Habari hufika kabatini kwa nyuzi za kioo. Kutoka hapo hadi nyumbani hupita katika waya wa shaba, waya ule ule wa simu. Njia hii huitwa VDSL. Huko Uingereza huuzwa kwa mwendo wa mpaka megabiti 80 kwa sekunde. Lakini nyumba ikiwa mbali na kabati, mwendo hupungua.

Basi pana kazi mbili. Ya kwanza ni ukalimani: kugeuza lugha ya waya wa simu iwe lugha ya kompyuta. Hiyo ni kazi ya modemu. Ya pili ni ubawabu: kupokea kinachoingia na kukipeleka kwa mwenyewe. Hiyo ni kazi ya ruta.

Sanduku la kampuni hufanya kazi zote mbili. Ukiongeza ruta, unaweka mabawabu wawili. Bawabu wa nje hawajui walio ndani, na mgeni hurudishwa. Ndivyo sauti ya mama inavyoweza kupotea.

Dawa yake ni modemu iliyowekwa katika hali ya daraja. Daraja halimwulizi mtu jina, humvusha tu. Ruta peke yake ndiyo bawabu.

Kabla ya kutoa fedha, fanya haya:

1. Tazama sanduku ulilo nalo. Likiweza kuwekwa katika hali ya daraja, huna haja ya kununua kitu.

2. Uliza kampuni kama nyumba yako inatumia VDSL. Nyuzi za kioo zikiwa zimefika mpaka ndani ya nyumba, modemu ya VDSL haitakufaa. Tena waya wa shaba unaondolewa polepole huko. Usinunue ya bei kubwa.

3. Soma maandishi ya modemu. Yataje VDSL2, aina ya 17a, na hali ya daraja. Modemu ya ADSL tu haifai.

4. Kampuni ikikupa jina na neno la siri, yaandike katika ruta, si katika modemu. Nambari ya njia, ambayo huko ni 101, iwekwe katika kimoja tu kati ya viwili hivyo.

5. Usiunganishe kompyuta na modemu moja kwa moja. Daraja halina bawabu.

Maswali ya darasa:
Modemu hufanya kazi gani? Ruta je? Kwa nini mabawabu wawili huleta taabu?

Someni tena polepole, kila mtu kwa zamu. Kwa herini, mpaka somo lijalo.