Je, Wajua? Kuna Kufuli Ambayo Linux Haiwezi Kuifungua

Uko Bonde la Lambwe, kando ya Mbuga ya Ruma, na laptopu yako ya mtumba yenye Linux haioni waifai yoyote. Usikimbilie kulaumu mnara. Fungua terminali, uandike rfkill list.

Amri hiyo huonyesha kama waifai imefungwa, na Linux hutambua kufuli mbili. Kufuli laini imefungwa na programu, nayo hufunguka kwa sudo rfkill unblock wifi. Kufuli ngumu imefungwa na swichi ya laptopu yenyewe. Hapo kurudia amri hiyo ni kumpigia mbuzi gitaa. Papasa ukingo wa mbele na ubavuni: laptopu nyingi za zamani zina kiswichi cha kusukuma, na hicho hata begi huweza kukizima.

Kwenye kadi za waifai za mini-PCIe, agizo la kuzima redio hupitia pini ya 20. Ndiyo maana swichi ikivunjika, mafundi wengine huiziba pini hiyo kwa kipande chembamba cha selotepu. Kazi ya subira na macho mazuri!

Kichekesho ni baadhi ya laptopu za Lenovo zisizo na swichi kabisa: moduli ya Linux iitwayo ideapad_laptop iliwahi kuripoti kwamba zimefungwa na swichi isiyokuwepo. Waliojua waliiondoa tu kwa sudo modprobe -r ideapad_laptop, waifai ikarudi.