Miguu ya Mwindaji Wakati wa Kipupwe

Mtu wa pwani akisikia habari za Dodoma hufikiri jua, vumbi na mibuyu tu. Na alale Kizota usiku mmoja wa mwezi wa Julai, ndipo atakapojua. Uwanda huu umeinuka kadiri ya mita 1,100 juu ya bahari, na mbingu za kipupwe hazina mawingu. Kwa hiyo joto lililoingia ardhini mchana hupaa usiku kucha bila kizuizi. Alfajiri kipimo huonyesha nyuzi 13 au 14 za sentigredi, na upepo juu yake. Hiyo ndiyo saa ya mwindaji, kabla kanga hawajashuka mitini.

Kizota leo ni kata ya jiji, wala si pori la kuwindia. Lakini wako waendao mbali, kibali mkononi. (Asiye na kibali, sheria ya mwaka 2009 itampasha moto wa namna nyingine.) Hao hawateswi na mwendo, huteswa na kungoja. Atembeaye hupata joto kwa kazi ya misuli. Aliyejibanza kichakani hana kazi. Mwili nao hutunza kwanza moyo na ubongo. Ukiona baridi, hukaza mishipa midogo ya damu miguuni ili joto lisipotee huko, na vidole hufa ganzi. Basi afunikaye miguu huku kifua ki wazi anatia maji katika mtungi uliotoboka. Jifunike blanketi kwanza, unywe uji kabla ya kutoka.

Kiatu kisibane. Wengine huvaa soksi mbili katika kiatu chembamba, wakashangaa kuona baridi imezidi. Maana damu imezuiwa, na hewa, ambayo ndiyo izuiayo joto lisitoke, haina nafasi. Katambuga hukinga unyayo na ardhi lakini huacha vidole kwa upepo. Ukingojapo, simama juu ya majani makavu au kipande cha ngozi. Wasami wa kaskazini ya Ulaya, wakaao katika theluji, tangu zamani hujaza majani makavu ndani ya viatu vyao.

Neno kubwa ni ukavu. Maji huchukua joto la mwili upesi kadiri ya mara 25 kuliko hewa iliyotulia, na jasho ni maji. Chukua soksi kavu mfukoni, uzivae ufikapo mahali pa kungojea. Katika vita ya mwaka 1914 hata 1918 askari wengi wa Ulaya waliharibikiwa miguu mahandakini, wala haikuhitaji barafu. Unyevu na baridi ya kadiri vilitosha.

Mguu uliokufa ganzi usiuelekeze motoni. Hausikii, nao utaungua kabla hujajua. Upashe kwa viganja, au kwa maji ya uvuguvugu ambayo mwenzako ameyajaribu kwa kiwiko. Hausikii mwiba wa mgunga pia, na hapo ndipo hatari ilipo. Watoto wachungaji hupenda kukanyaga mahali alipoamka ng'ombe, maana pana joto. Ni akili nzuri, ila vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, nao huingia kwa tundu dogo tu. Mwenye kidonda au magaga yaliyopasuka asikanyage hapo. Na aliyechomwa na mwiba aoshe jeraha kwa maji na sabuni, kisha aende zahanati siku hiyohiyo aulize habari za chanjo.