Kabla hujalipia Basenji

Jina lao mama zetu hulicheka: Basenji ni "washenzi" wale wale, kwa Kilingala. Mbwa wa Kongo, habweki, ana kilio kama wimbo, na hapa Marekani anauzwa zaidi ya dola elfu. Mama yangu bado anauliza kwa nini mtu alipie mshenzi.

Nyie wa Silver Spring na Alexandria mnaomtaka, ulizeni kwanza Fanconi. Ni ugonjwa wa kurithi: figo zinaachia sukari kwenye mkojo, na dalili mara nyingi huja akiwa na miaka 4 hadi 7, watoto wameshamzoea kama ndugu yao. Kipimo cha DNA kipo. Usikubali "wazazi wako poa." Omba majina yao rasmi, uyatafute mwenyewe kwenye tovuti ya OFA, bure. Mzazi mmoja akiwa hana kabisa hiyo jini, mtoto hataugua.

Maryland maduka yamekatazwa kuuza mbwa tangu 2020, kwa hiyo utanunua kwa mfugaji. Nenda kwake, umwone mama mbwa. Akisema mkutane parking, mimi siendi. Na Basenji jike kwa kawaida huingia joto mara moja tu kwa mwaka, majani yakipukutika; watoto huzaliwa karibu na Desemba. Anayedai ana wapya kila mwezi, mkimbie.