Umeumia kano baada ya miaka 50? Usivitupe vyuma

JE, umepita umri wa miaka 50, ungali wanyanyua vyuma, na sasa kano ya kisigino inakuuma kila uamkapo? Usiingiwe na hofu, wala usijilaze kitandani kwa miezi.

Kano huunganisha msuli na mfupa. Damu ipitayo humo ni kidogo, ndiposa huchelewa kupona. Lakini kano isiyofanya kazi huzidi kudhoofika.

Kwanza, daktari ahakikishe haijakatika. Kisha jaribu zoezi ambalo Håkan Alfredson wa Uswidi na wenzake walilieleza mwaka wa 1998. Simama ukingoni mwa kidato cha ngazi, jiinue kwa mguu mzima, kisha shusha kisigino polepole kwa mguu unaouma. Fanya mara 15, raundi tatu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Maumivu madogo si hatari, yakizidi, pumzika.

Ukirudia vyuma, anza na vyepesi, uvishushe taratibu. Kano ikiuma zaidi kesho yake, punguza uzani. Kuruka-ruka kungoje.

Tahadhari: dawa kama siprofloksasini huweza kudhuru kano, hasa kwa waliopita miaka 60. Mweleze daktari kabla hajakuandikia.

Na ukisikia mlio wa ghafla kisiginoni, kisha ushindwe kusimama kwa ncha za vidole, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.